Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: ondoeni kifusi kwenye uwanja wa baba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KIFUSI KILICHOMWAGWA UWANJANI

Shikamoo, ingawa kwa umri nadhani mimi ndiye ningeitikia marahaba.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Naanza hivyo kwa sababu barua zangu nne zilizotangulia zilianza hivyo hivyo, na karani wako wa masjala aliniambia barua isiyoanza hivyo haipewi namba. Zote zilipewa namba. Majibu ndiyo hayajatoka. Hii ya tano nimeona niiandike mbele za watu, labda na wewe utakuwa miongoni mwao. Manispaa yetu sitaitaja, wala mtaa. Dar es Salaam ni kubwa na anayehusika anajijua.

Jumanne iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nimetoka kuwahi samaki Feri. Nikayakuta malori matatu ya tipa yamo ndani ya uwanja. Yanamwaga kifusi. Zege lililovunjwa, vigae, nondo zilizopinda, masinki ya choo. Nilimwuliza dereva wa lori la mwisho nani kawatuma. Akaniambia, "Dada, mimi nimeelekezwa tu. Kibali kipo, kina mhuri." Kibali chenyewe hakunionyesha. Kulipopambazuka tukaona kifusi kimeanzia goli la kusini mpaka kwenye duara la kati, na kwa upande wa mashariki kimeuziba mtaro wote.

Sasa nikuombe uvumilivu kidogo, kama sisi tulivyokuvumilia, nikukumbushe uwanja ule ni wa nani. Sisemi kwa hati. Hati mnazo nyinyi.

Baba yangu alikuja mjini kutoka Rufiji akiwa kijana. Mwaka 1990 akachukuliwa kibarua cha kufyeka pale uwanjani, kibarua cha siku tatu. Alikuwa akisimulia mwenyewe huku anacheka, kwamba zile siku tatu zilikuja kuisha baada ya miaka 27. Wakati huo uwanja ulikuwa mchanga mtupu na mbigili. Mchezaji akianguka, anainuka na miiba magotini. Baba akasema atapanda ukoka. Watu wakamcheka, maana kisima cha pale kina maji ya chumvi kama visima vingi vya mji huu, na nani alishaona bustani inamwagiliwa chumvi? Yeye kwao alishaona. Ukoka hauogopi chumvi. Akaukatakata vipande vyenye vifundo, akasubiri masika ianze, akapanda mstari kwa mstari. Mwaka wa kwanza ng'ombe wa watu wakala. Mwaka wa pili ukashika upande mmoja. Masika ya tatu uwanja ukawa kijani goli mpaka goli, na kwa fedha ya manispaa hapakuwa na senti tano, isipokuwa kwanja moja na reki iliyopungua meno.

Alikuwa na kamba ya katani. Aliifunga vitambaa vyekundu mahali patatu: mita 9.15 kwa ajili ya duara la kati, mita 11 kwa penalti, mita 16.5 kwa boksi. Alipimiwa mara moja tu na mwalimu wa michezo, baada ya hapo hakuhitaji futi ya mtu. Watoto wakamwita Babu Kamba. Mjini hapa ukisema fulani ana kamba maana yake ni mwongo. Yake ndiyo kamba pekee niliyoijua mimi ambayo haikuwahi kudanganya.

Na aliyekuwa anashika ncha ya kamba hiyo, Mheshimiwa, ni mimi. Nilikuwa na miaka kama kumi. Kila Ijumaa jioni ananisimamisha katikati ya uwanja, ananishikisha ncha, anasema, "Shika hapo mwanangu, usisogee." Kisha anazunguka na kopo la chokaa, polepole, kamba imekaza kati yetu, mpaka anarudi alipoanzia. Nikisogea hata kidole duara linaharibika, na anarudia bila kunigombeza. Ndugu zangu wa kiume walitaka kazi hiyo wakakosa. Alisema wao wana haraka.

Chokaa yenyewe niiseme kidogo. Ile mliyokuwa mnamletea, mwaka mliokumbuka kuleta, ilikuwa chokaa mbichi. Hiyo mchezaji akianguka juu yake na jasho, inamuunguza ngozi. Baba alikuwa anaizima kwenye pipa usiku kucha kabla ya kuitumia, kwa mikono yake, bila glavu, bila kitambaa puani. Hakuna mtoto aliyeungua pale. Yeye kifua kilimwanza na hakikumwacha. Daktari hakusema ni chokaa. Mimi ndiye ninayesema.

Miaka ile mlikuwa mnakuja na fulana zenye maandishi kupanda miti, mnachimbiwa mashimo, mnaweka mche, mnapigwa picha, mnaondoka kabla maji hayajafika. Uliwahi kujiuliza ile mikungu mitano iliyosimama nyuma ya goli la kaskazini ilimwagiliwa na nani? Madumu mawili asubuhi, mawili jioni, kwa toroli. Toroli hilo hilo ndilo lililompeleka jirani yetu zahanati usiku akiwa na uchungu, maana bajaji zilikataa kuingia kwenye tope. Mtoto akazaliwa salama, leo anacheza namba sita. Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyowafanya watu wa Bonde la Msimbazi wapelekwe Mabwepande, kwetu hayakupewa hata jina, lakini familia nne zililala kwenye stoo ya vifaa vya uwanja siku tisa, na baba akawa analala nje mlangoni kwa sababu ndani kulikuwa na wanawake. Mama alikuwa anawapikia uji. Unga ulikuwa wetu.

Kijana akikosa viatu, alikuwa na gunia la viatu vilivyosahaulika. Kijana akikosa sare ya shule, hapo palikuwa na ugomvi nyumbani, kwa sababu alikuwa anatoa kabla ya kutuuliza. Mama alimwambia siku moja, "Una watoto saba ndani na sabini uwanjani." Akajibu kwamba wa uwanjani hawali sana. Kwa kweli walikuwa wanakula.

Swala ya Idi tumeswali pale. Joging za Jumamosi ni pale. Ndondo ni pale. Mikutano ya kampeni, vyama vyote bila ubaguzi, ni pale, na kila baada ya uchaguzi baba alikuwa anafukia mashimo ya jukwaa na kupanda ukoka upya. Hakuna aliyeshinda akarudi na jembe.

Mwaka 2017 mlimwambia umri umefika. Hakubisha. Alirudi nyumbani Ijumaa na Jumatatu akaenda uwanjani kama kawaida, bure, miaka minane. Wakati CHAN inafunguliwa kwa Mkapa tarehe 2 Agosti 2025, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso mbili bila, tulimlaza mkekani sebuleni aangalie. Tulipokuwa tunashangilia magoli, yeye alikuwa anasema, "Angalieni zile nyasi. Angalieni walivyozikata." Robo fainali hakuiwahi.

Kwenye msiba ulikuja, Mheshimiwa. Hilo nakushukuru kwa dhati, sitanii. Shangingi liliegeshwa kando ya turubai, ukapewa kipaza sauti. Ulisema mambo matatu, na watu wa mtaa mzima ni mashahidi. Kwamba stahiki zake zitalipwa ndani ya siku thelathini. Kwamba uwanja utapewa jina lake. Kwamba "familia hii haitaachwa." Mama alilia kwa furaha, siku ya kumzika mumewe. Arobaini ikapita. Miezi sita imepita.

Nimekuja ofisini kwako mara kumi na moja. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na siku nikija huko sikaangi samaki, kwa hiyo siku hiyo sina mauzo. Nimeambiwa mhusika yuko likizo. Mhusika yuko semina Morogoro. Mtandao hausomi. Faili limepelekwa juu, sijui juu ya nini. Mwezi wa kumi na mbili nikaambiwa faili halionekani, na huenda halikuwahi kuwepo, kwa kuwa marehemu "hakuwa mtumishi, alikuwa kibarua." Kibarua wa miaka 27! Nikatoa kopo la biskuti mbele ya yule kijana, nikamwonyesha hati za malipo ambazo baba alizitunza, zenye makato ya hifadhi ya jamii. Kwenye mfuko wenyewe nilishaenda. Iliyoonekana ni michango ya miezi kumi na minne. Sheria inataka kila mwezi ipelekwe asilimia 20 ya mshahara, sehemu yake na sehemu yenu. Sehemu yake ilikatwa, karatasi ninazo. Ilikwenda wapi? Simtuhumu mtu. Nauliza tu, kama mtoto anavyouliza.

Na kiinua mgongo je? Nimesomewa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na mjukuu wake aliyeko chuo. Siku saba za mshahara kwa kila mwaka, isizidi miaka kumi. Kumi mara saba ni sabini. Ya miaka 27 siwadai, sheria imewapunguzia. Nawadai siku sabini za mshahara wa mtu wa kwanja. Bei ya mafuta ya lile shangingi kwa mwezi mmoja siijui, ila nina hisia zangu.

Huku kwangu, mama ana presha na vidonge vyake havikosi kununuliwa. Nilikopa kausha damu ili tumzike baba kwa heshima, nikitegemea zile siku thelathini zako. Riba haikusikia hotuba yako. Wamechukua televisheni, wakachukua jiko la gesi. Friza la samaki waliniachia kwa huruma. Alhamisi ikanyesha mvua ya saa moja tu, mvua ya kupita, haikuwa hata masika. Mtaro wa mashariki ambao baba alikuwa anauzibua kila Februari na vijana wake, kabla masika haijagonga mlango, sasa uko chini ya kifusi chenu. Maji yalikosa pa kwenda, yakaja ndani. Yalifika kwenye godoro la mama. Friza limekufa, na samaki wa laki mbili na nusu niliwamwaga Ijumaa asubuhi huku majirani wameziba pua.

Watu wanasema mengi. Wapo wanaosema mkandarasi kaona Pugu Kinyamwezi ni mbali, akatafuta dampo la karibu. Wapo wanaosema uwanja unafukiwa ili zijengwe fremu za maduka, na kwamba fremu zimeshagawanywa. Mimi nilimwona mtu Januari na ile mashine ya kupimia yenye miguu mitatu, nikamsalimia, hakuitikia. Labda alikuwa anapima mambo mengine. Nchi inajiandaa kwa AFCON 2027, tunasikia kila siku kwenye redio habari za viwanja. Huenda na wetu umo kwenye mpango, na kifusi ndiyo hatua ya kwanza. Kama ni hivyo nisamehe.

Nilikuwa nimeandika madai mengi hapa. Mshahara, michango, kiinua mgongo, jina la uwanja, ile zahanati impe mama dawa, mtu wa kulitafuta faili. Nimeyasoma tena usiku nikaona ndiyo yale yale ya barua nne. Yaache. Jina pia liache, sisi tunaujua uwanja unavyoitwa. Hata zile siku sabini, zikae huko zilikokaa, nitazifuata mimi mwenyewe kwa miguu yangu.

Ondoeni kifusi.

Masika iko wiki tatu mbele, ikichelewa sana ni nne. Ukoka ukifunikwa na zege muda huo wote unaoza, na wa kuupanda upya hayupo. Mtaro ukibaki umezibwa, nyumba thelathini na kitu zitaingia maji, na safari hii stoo ya kuhifadhi watu haipo, lori liliubomoa ukuta wake likirudi nyuma. Vijana walianza kuondoa wenyewe Jumapili. Tuna majembe matatu na toroli la marehemu, ambalo gurudumu lake limeinama. Tumefika kwenye zege tukashindwa. Tunaomba kijiko kimoja na lori moja, siku moja. Mafuta tutachangishana kama bajeti haijaruhusu.

Kamba ninayo. Niliitoa stooni siku ya msiba. Jumapili nilikwenda nayo uwanjani nikatafuta pale nilipokuwa nasimama, katikati. Pana sinki la choo.

Ondoeni kifusi, Mheshimiwa.

Naomba kuwasilisha.

Binti wa marehemu, mtoto wake wa tatu

Nakala: Mama, ambaye kila nikirudi jioni ananiuliza kama umejibu.