Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kuhusu redio za vikosi vya usalama na uokoaji

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Uchaguzi wa redio za mawasiliano kwa vikosi vya usalama na uokoaji mkoani Mwanza

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni fundi wa redio, mkazi wa Kirumba. Kwa miaka mingi nimefunga na kutengeneza redio za upepo katika boti, vivuko, magari na ofisi za mkoa huu, na nyingine nimezizika, kwa maana ya kutangaza kuwa hazitengenezeki tena wakati bado zinanukia upya. Nakuandikia wewe, na si ofisi moja moja, kwa sababu wewe ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa, na ninaloliomba haliwezi kufanywa na ofisi moja. Polisi, Zimamoto na Uokoaji, bandari, vivuko na halmashauri huandaa bajeti kila mmoja kivyake, na redio huingizwa humo jinsi viti vinavyoingizwa: idadi, bei, jumla. Ninachoomba ni kwamba kabla ya yeyote kutaja aina ya redio anayoitaka, Kamati yako iwaketishe wote pamoja na kuandika ni nani lazima amsikie nani, akiwa wapi, na kwa chaneli ipi. Aina ya redio itatokana na karatasi hiyo.

Ziwa limekwisha tutoza gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa watu 228, na giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa hadi kesho yake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliangukia ziwani Bukoba, kwa jirani zetu, ikiwa na watu 43, wakafa 19. Sirudii orodha hii ili kutonesha vidonda. Nairudia kwa sababu Ukara na Bukoba waliofika kwanza walikuwa wavuvi na wanakijiji, watu wa mitumbwi ambao kwa kawaida hubeba simu ya mkononi ndani ya mfuko wa nailoni na hawana redio yoyote ya kusema na kikosi cha Serikali. Mpango wa mawasiliano usioanzia mwaloni (pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi) unamwacha nje mwokoaji wa kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusaidia katika zoezi la uokoaji kwenye gati moja la mkoa huu. Maofisa wawili, wa taasisi mbili ambazo sitazitaja, walisimama kama hatua ishirini wakitazamana, kila mmoja akiwa na redio mpya kiunoni, wakapigiana simu. Redio ya mmoja ilikuwa ya kidijitali na imefungwa kwa msimbo wa siri. Ya mwenzake ilikuwa ya analojia, yaani ya mtindo wa zamani, na iko katika masafa mengine kabisa. Nilizipima zote mbili mezani jioni ile, nazo zilikuwa nzima. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa kuwa lilikuwa zoezi tu.

Marekani, ambako fedha za redio hazikukosekana, jambo hilohilo lilitokea bila kicheko. New York, tarehe 11 Septemba 2001, marubani wa helikopta za polisi waliuona kutoka juu mnara wa pili wa World Trade Center, uliokuwa bado umesimama, ukielekea kuanguka wakatoa tahadhari kwa redio yao. Zimamoto waliokuwa ndani walitumia mfumo mwingine, hivyo tahadhari ile haikuwafikia moja kwa moja. Zimamoto 343 walikufa siku hiyo. Tume iliyochunguza ilieleza jambo jingine ambalo mimi kama fundi sijawahi kulisahau: majengo hayo yalikuwa na ripita (mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha upya ifike mbali) kwa ajili ya zimamoto, iliyohitaji vitufe viwili kubonyezwa, na asubuhi ile kilibonyezwa kimoja. Wakuu waliokuwa chini waliijaribu, wakaona haifanyi kazi, wakaiacha.

Sasa niingie katika uchaguzi wenyewe, nikianza na masafa. Kote duniani vyombo vya majini husikilizana katika VHF, yaani masafa ya juu sana, na chaneli 16, yaani megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na kuomba msaada. Chochote kitakachonunuliwa kwa ajili ya boti, kivuko au mwalo hakina budi kuwa na chaneli hiyo, na redio za kufungwa chomboni ziwe na mwito wa kidijitali wa chaneli 70, ambapo nahodha hufunua kifuniko, hubonyeza kitufe chekundu, na redio hutuma yenyewe namba ya chombo ya tarakimu 9 pamoja na mahali kilipo. Lakini kitufe hicho ni pambo ikiwa namba haikusajiliwa, ikiwa redio haipati mahali ilipo kutoka kwa satelaiti, au ikiwa ng'ambo ya pili hakuna anayesikiliza usiku. Kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji kilichopangwa kuwa hapa Mwanza, chini ya mradi wa kikanda wa mawasiliano na usafirishaji wa Ziwa Victoria, ndipo mahali pa kuifungia kazi hiyo ya kusikiliza, na redio zetu zote zichaguliwe kwa kukitazama.

Zimamoto wa mjini, kwa upande wao, wana haki ya kupendelea UHF, yaani masafa ya juu zaidi ya VHF, maana mawimbi yake mafupi hupenya vizuri zaidi katika korido za zege na ngazi za ghorofa, wakati VHF husafiri vizuri zaidi juu ya maji na maeneo ya wazi. Wote wako sahihi, na ndiyo maana sishauri redio ya aina moja kwa mkoa mzima. Nashauri gari la kamanda wa zimamoto na boti ya doria ziwe na redio ya pili ya VHF ya majini, na chumba cha kuratibu kiweze kuunganisha masafa hayo mawili, ili askari aliye ghorofani na nahodha aliye Nansio, kisiwani Ukerewe, wasikilizane bila mtu wa kati kurudia maneno yao, kwa kuwa maneno yanayorudiwa hupungua njiani.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni kimo cha antena. Wateja huuliza wati, nao huwajibu wati. Lakini mawimbi haya husafiri karibu kama macho yanavyoona, na ziwa lina mgongo kwa sababu dunia ni ya mviringo. Watu wawili walio ndani ya mitumbwi, antena zikiwa mita moja na nusu juu ya maji, wana upeo wa takriban kilomita 10 kwa hesabu, na kwa uzoefu wangu wa redio za mkononi za wati 5 ni afadhali kutegemea nusu yake. Ukiinua antena moja hadi mita 100 juu ya ziwa, upeo na mtu yuleyule wa mtumbwini hufika takriban kilomita 45. Kuongeza wati hakukupi faida hiyo. Vilima vya mawe tulivyopewa bure hapa Mwanza ni minara tayari, ingawa vilevile hutupa kivuli: nyuma ya kilima redio hunyamaza, na baadhi ya mitaa yetu iko nyuma ya vilima.

Ripita ya kilimani, hata hivyo, ina maadui wawili. Wa kwanza ni radi, ambayo juu ya ziwa hili hupiga sana, hasa usiku. Mawe ya matale ni kipitishi kibovu cha umeme, wala nondo ya ethi, ya kupeleka umeme wa radi ardhini, haichimbiki humo. Fundi wa haraka hufunga waya kwenye jiwe, hupiga picha ya kukabidhi kazi na kuondoka. Mkataba hauna budi kutaka ukanda mrefu wa shaba ulazwe hadi kwenye udongo, na upinzani wa ethi upimwe mbele ya mteja na kuandikwa. Adui wa pili ni umeme kukatika. Ripita iwe na betri za kuiendesha angalau saa 24, pamoja na paneli za jua zenye uzio, kwa sababu nimeshuhudia paneli zikihama kilima.

Kuhusu dijitali na analojia, sioni haja ya ugomvi. Dijitali ya viwango vya wazi (ambavyo kampuni nyingi huvitumia) kama DMR hubeba mazungumzo mawili katika nafasi ya kilohezi 12.5 iliyokuwa ikibeba moja, hutunza betri na husikika safi. Tatizo lake ni kwamba huwa safi hadi mpakani, kisha hukatika ghafla, ilhali analojia huanza kukwaruza na kumpa mtu onyo la kusogea. Masharti yangu ni mawili. Redio ya kidijitali iweze pia kufanya kazi ya analojia katika chaneli ya pamoja ya dharura, na chaneli hiyo isifungwe kwa msimbo wa siri na ofisi yoyote. Polisi wanahitaji siri katika operesheni zao, hilo silipingi, lakini anayezama hana siri.

Siku hizi kuna redio zinazotumia mtandao wa simu, nazo ni rahisi na za kuvutia. Zinafaa kwa kazi za kila siku za askari wa jiji. Mahali mnara wa simu haufiki, au watu elfu moja wanapopiga simu kwa wakati mmoja kuuliza ndugu zao, zinageuka simu ya kawaida isiyo na mtandao.

Kwa redio ya mkononi ya majini, alama ya IP67 ina maana kwamba kifaa huvumilia vumbi na kuzama mita 1 kwa dakika 30. Chini ya hapo kisinunuliwe. Kielee kikidondoka. Kitufe cha kusemea kibonyezeke kwa mkono uliolowa na uliojaa magamba ya samaki, na spika ishinde injini ya boti, jambo lisilopimika ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Muda wa betri unaoandikwa kwenye vipeperushi hukadiriwa kwa kawaida kwa asilimia 5 ya kusema, 5 ya kusikiliza na 90 ya kungoja. Siku ya ajali hakuna anayengoja kwa asilimia 90, kwa hiyo kila redio ije na betri mbili. Katika ofisi moja nilikuta kabati la redio nzima kabisa zilizokufa kwa sababu chaja zake ziliharibika na bajeti haikuwa na mstari wa chaja.

Najua Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, huleta ushindani, na ushindani ni mzuri. Lakini zabuni hushindwa au hushinda kwa yale yaliyoandikwa katika masharti yake. Yaandikwe humo kwamba vifaa vimeidhinishwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na leseni ya masafa ipatikane kabla ya malipo ya mwisho. Kwamba programu ya kupangia chaneli, nyaya zake na nywila zake ni mali ya mnunuzi. Kwamba bei inayolinganishwa ni ya miaka 5 pamoja na betri na matengenezo. Nimeona taasisi ikishindwa kubadilisha chaneli moja kwa sababu muuzaji aliondoka na nywila.

Zaidi ya yote, kila mzabuni alete redio zake zijaribiwe majini, usiku na mchana, kutoka Kirumba hadi Ukara kupitia Nansio, boti ikiwa inakwenda na askari wa kawaida ndiye anayesema, si mhandisi wa kampuni. Mahali sauti inapokatika paandikwe kwenye ramani. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, wawemo botini, na ninaomba kila mwalo mkubwa upewe redio moja ya VHF yenye antena juu ya mlingoti na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye zamu.

Mimi niko tayari kupanda boti hiyo bila posho, na kipimo changu cha antena nitakuja nacho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi redio,
Kirumba, Mwanza