Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: bahari tunayo, farasi tunao

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kutoka Likoni, kuomba watoto wenye ulemavu wafanyiwe mazoezi baharini na juu ya farasi. Mwanangu ana miaka minane na ana mtindio wa ubongo. Alipozaliwa alichelewa kulia, hewa haikumfika ubongoni kwa wakati. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli isiponyooshwa huzidi kukaza, na miguu yake sasa hupishana kama mkasi.

Mazoezi ya viungo twaenda. Foleni asubuhi nzima, mazoezi nusu saa, kisha "mama, rudi mwezi ujao".

Siku moja maji yamepwa, nilimshusha pwani nikamkalisha kwenye kidimbwi kilichopigwa na jua, nimemzungushia leso kifuani, ncha nimezishika mimi. Ngumi zake zikafunguka. Nilipomsimulia mtaalamu wake hakushangaa: maji yakimfika mtu kiunoni humbebea karibu nusu ya uzito wake, na uvuguvugu hulegeza misuli. Mabwawa ya tiba hii hupashwa moto hadi nyuzi 33 na zaidi. Huko London, mhandisi James McMillan alianza mwaka 1949 kuwafundisha wasichana wenye ulemavu kuogelea, na njia yake, Halliwick, yatumika hadi leo.

Farasi naye ana lake. Atembeapo, mgongo wake humsukuma mpandaji mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, karibu sawa na nyonga za mtu anayetembea. Kiwiliwili cha mtoto asiyewahi kupiga hatua huonja mwendo. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza chini ya magoti kwa polio ya 1944, alishinda medali ya fedha ya upandaji farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki, 1952.

Sisemi ni dawa ya kuponya. Utafiti mwingi ulihusu watoto wachache, na faida iliyoonekana zaidi ni kukaa wima na kujimudu mwili. Lakini kwa mama anayemlisha mtoto huku kichwa chamwangukia, kukaa wima si jambo dogo.

Farasi wa kupandisha wageni wapo pale ufuo wa umma wa Bamburi. Nilimlipia mwanangu mzunguko mmoja, mwenye farasi kamshika huku, mimi huku. Alicheka hadi akapaliwa. Baadaye nikaambiwa nilikosea: nyonga zilitakiwa zipigwe picha kwanza, maana watoto kama yeye mfupa wa paja huweza kuteguka taratibu bila mtu kujua, na mwenye kifafa kisichotulia hapandi kabisa. Ningejulia wapi?

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Kwa Katiba ya 2010 hospitali zetu ziko mikononi mwa kaunti. Siombi bwawa la vigae. Naomba mtaalamu mmoja wa viungo ashuke ufuoni siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, maji yanapopwa mwendo wa saa nne asubuhi, picha za nyonga kabla, mapatano na wenye farasi wawili watatu wenye wanyama wapole, kofia ngumu, na watu watatu kwa kila mtoto, mmoja hatamuni, wawili ubavuni. Na mbao za kupitishia viti vya magurudumu, kwani mchanga wa Bamburi huvimeza.

Upepo wa kusi ukianza bahari huchafuka, kwa hiyo tungependa jibu kabla ya hapo. Bamvua ijayo tutakuwa ufuoni akina mama wanne na watoto wetu. Safari hii farasi tutawatazama tu.

Wako,
Mama wa mtoto, Likoni