Saa tatu zilizonipotea stoo

Tanga,
Jumapili, baada ya magharibi.

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima, na mama anauliza kama Morogoro siku hizi hakuna barabara ya kurudi Tanga. Jibu utampa mwenyewe, mimi simo.

Jumatano ulinipigia mara mbili sikupokea. Niwie radhi. Nilikuwa stoo ya ofisi, shati nimelitundika kwenye msumari, nagombana na ule mtandao wangu wa majaribio. Ujumbe wako nimeusoma: kumbe na nyinyi chuoni mnataka kuweka deskitopu pepe, yaani kompyuta zinazoendeshwa ndani ya seva, kwenye chumba cha kompyuta. Ningeweza kukupigia, lakini hadithi hii ukiisikia kwa simu utacheka tu halafu utaisahau. Bora nikuandikie, ikae.

Kwanza uione ramani. Kompyuta za ofisini kwetu zina memori ya GB 2. Ukiwasha Windows 10 mle, unaenda kunywa chai na unarudi bado inazunguka. Nikamwambia bosi tusizitupe, tuzifanye skrini tu, kazi yenyewe ifanyike kwenye seva. Akasema nijaribu pembeni kwanza, nisiguse mtandao wa ofisi. Nikapata seva ya mtumba yenye memori ya GB 32, nikaweka Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe nyingi ndani ya moja. Ndani nikatenga mitandao miwili: 10.10.10.0 ya seva na 10.10.20.0 ya deskitopu, katikati fayawoli ya OPNsense, mlinzi anayeamua kipi kipite. Seva ya domeni, ile inayotunza akaunti za watumiaji na za mashine, nimeiita dc1, Windows Server 2019 ya majaribio ya siku 180, nayo ndiyo inayoshika DNS, kitabu cha kugeuza majina ya mashine kuwa namba. Domeni nimeiita maabara.test, maana mwisho wa .test umetengwa rasmi kwa majaribio na hautagongana na jina la mtu yeyote huko nje. Kisha nikatengeneza kiolezo kimoja cha Windows 10 na kukitolea nakala nne, dk1 hadi dk4. Upande wa dc1 nikachomeka swichi ndogo na laptopu mbili, hizo ndizo watumiaji wangu. Intaneti hakuna kabisa, kwa makusudi.

Usiku wa kwanza uliishia kwenye diski. Ukimpa mgeni wako, yaani mashine pepe iliyo ndani ya seva, diski ya aina ya VirtIO, Windows wakati wa kujisakinisha haioni diski hata moja, mpaka uipakie draiva kutoka kwenye ISO ya pembeni. Hilo unalijua, naliruka.

Jumatatu kila kitu kikawaka. Nikakaa kwenye laptopu, nikaandika dk2, nikaweka jina na nenosiri. Ikakataa. Nikaandika 10.10.20.12, namba ya mashine ileile, jina lilelile, nenosiri lilelile. Ikafunguka, deskitopu nzuri kabisa, ina hadi ile picha ya bahari.

Sasa wewe niambie: jina linakataa, namba inakubali. Ungesema nini? Ungesema DNS. Mimi pia nilisema DNS. Kila fundi ninayemjua angesema DNS, na angeapa. Usiku wa Jumatatu nikaichunguza: nslookup, amri ya kuuliza DNS namba ya jina, inajibu 10.10.20.12, sahihi. Nikasafisha kumbukumbu ya majina kwenye laptopu zote mbili. Haikusaidia. Jumanne nikafanya jambo ninaloona haya kuliandika: nilifuta zoni nzima ya DNS, orodha yote ya majina, nikaiunda upya. Jina likaendelea kukataa. Nikajaribu ping, ile ya kubisha hodi uone kama mashine itaitika, kimya, nikafurahi nikidhani nimempata mwizi, kumbe Windows yenyewe mara nyingi haijibu ping ikiwa hujairuhusu. Usije ukaitegemea ping kwenye kazi hii. Tumia Test-NetConnection na uiambie poti 3389, mlango wa deskitopu ya mbali. Hiyo inajibu ndiyo au hapana. Mimi ilinijibu ndiyo, kwa jina na kwa namba. Yaani njia ipo, mlango upo, na mlinzi anakataa.

Na ujumbe wa kukataa ulikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo. Unaanza kwa kusema haiwezi kuthibitisha utambulisho wa kompyuta ya mbali. Maneno hayo tumeyaona mara ngapi? Ni kama yale ya onyo la cheti ambacho seva imejitolea yenyewe, unabofya "Yes" na kuendelea. Basi nikasoma nusu, nikasema ah, cheti. Nusu ya pili ilikuwa inasema kwa nini: kuna tofauti ya muda au tarehe kati ya mashine mbili. Sikuwahi kufika huko.

Usiku wa Jumatano, wakati simu yako inaita, nikaongeza kosa juu ya kosa. Nilikuwa na snapshot ya dk3, nakala ya hali yake ilivyokuwa, ya zaidi ya mwezi mmoja, nikairudisha nikitumaini ya zamani ni safi. Ikawaka na ugonjwa mpya: domeni haiiamini tena. Kila kompyuta iliyo kwenye domeni ina nenosiri lake yenyewe, na hulibadilisha kila siku 30 bila kukuambia. Ukiirudisha nyuma inarudi na nenosiri la zamani, dc1 inalo jipya, hapo udugu umekwisha. Dawa yake ni kuingia kwa akaunti ya mashine yenyewe, si ya domeni, na kuendesha Test-ComputerSecureChannel -Repair. Mimi niliijua dawa hiyo saa nane usiku.

Alhamisi nikaamua kutulia. Nikatoa daftari, ile tabia yako ya kuandika kila jaribio na dakika yake. Nikajaribu kuingia dk2 kwa jina, nikafungua kumbukumbu za dc1 nione imeandika nini na saa ngapi: 12:31. Nikafungua kumbukumbu za dk2 kwa tukio hilohilo. 9:31. Nikaandika zote mbili, moja chini ya nyingine, na bado sikushtuka, Mbwana, naapa. Unajua kwa nini? Sisi saa ya mdomoni na saa ya skrini hazijawahi kufanana maishani mwetu. Skrini ikiandika 9:31 kichwa kinasema saa tatu na nusu, na mkono unaendelea na kazi. Nimeziangalia namba zile kwenye kona ya dk2 siku nne, jicho limezoea kuzitafsiri, halikuwahi kuziuliza kama ni za kweli. Kilichonigutusha ni adhana ya adhuhuri msikiti wa jirani. Adhuhuri, na kichwani mwangu ni saa tatu na nusu ya asubuhi.

Nikaangalia dk1. Vilevile. dk3, dk4, zote ziko nyuma saa tatu kamili, dakika kwa dakika. Betri ikifa saa inapotea ovyo. Ikipotea saa tatu kamili katika nchi yetu, kuna mtu kaipoteza, maana sisi tuko saa tatu mbele ya ile ya dunia, UTC.

Sasa jina na namba vikaeleweka. Kwenye domeni, ukiita mashine kwa jina, Windows hutumia Kerberos, njia ya kuhakiki utambulisho, ile yenye jina la mbwa wa vichwa vitatu wa Wagiriki. Kerberos hutoa tiketi yenye muda juu yake, na kwa kawaida havumilii saa za mashine mbili zikiachana zaidi ya dakika 5, ili mtu asiokote tiketi ya jana akapandia basi la leo. Ukiita kwa namba ya IP, Kerberos anawekwa kando na inatumika njia ya zamani, NTLM, ambayo kwa saa si kali hivyo. Kwa hiyo namba inapita, jina linakwama, na fundi anakwenda kufuta zoni ya DNS isiyo na hatia.

Nikaweka saa sawa kwa mkono, dk2 ikafunguka kwa jina mara moja. Nikaiwasha upya toka ndani, bado sawa. Nikafunga stoo nikaenda zangu kula. Ijumaa asubuhi nawasha mitambo: saa tatu nyuma, zote.

Hapo ndipo nilipokumbuka kiolezo. Proxmox inapokutengenezea mashine inakuuliza mgeni ni mfumo gani, na jibu lililotangulia kuwekwa ni Linux. Kwa dc1 nilibadilisha. Kwa kiolezo, usiku ule wa diski, nilibofya "Next" tu. Linux hutegemea saa ya maunzi iwe UTC; Windows huichukulia ni saa ya hapa nyumbani. Mgeni wangu Windows akasoma UTC akaamini ndiyo saa ya Tanga, au ya Nairobi tuseme, maana orodha ya Windows haina Dar es Salaam, ukanda wetu imeuandika Nairobi. Ukiwasha upya toka ndani, marekebisho yako yanabaki. Ukiizima kabisa na kuiwasha, inaanza na kosa lilelile la kuzaliwa. Dawa ni kuwasha "Use local time for RTC", yaani saa ya maunzi ifuate saa ya hapa. Lakini kuiwasha kwenye kiolezo hakuwarekebishi watoto waliokwisha kuzaliwa, nimepita kwa mmoja mmoja, na kila mmoja lazima umzime kabisa kwanza.

Hata hivyo kuna swali hujaniuliza bado, na najua ungeuliza: mbona mashine ya domeni hujirekebisha saa yenyewe kwa kuiuliza dc1? Naam. Nikaendesha w32tm /query /status kwenye dk2, ikasema chanzo chake cha saa ni "Local CMOS Clock", yaani inajiuliza yenyewe. Nikarudi kwenye fayawoli. Orodha ya poti nilizofungua ipo: 53, 88, 135, 389, 445, na 123 ya saa. 123 ipo, nimeipita kwa kidole mara tatu. Mara ya nne nikaangalia safu ya pembeni. TCP. Saa husafiri kwa UDP, njia nyingine ya kupeleka data. Nilikuwa nimefungua mlango ambao hakuna mtu anayeupita.

Nikabadilisha ikawa UDP, nikaendesha w32tm /resync, chanzo kikawa dc1.maabara.test. Na dc1 yenyewe nimeielekeza ichukue saa kwa mashine mama, ile seva yenye Proxmox, kwa kuwa intaneti haina. Tangu Ijumaa adhuhuri laptopu zote mbili zinaingia kwa jina, nimezima na kuwasha mara sita, hazijakataa. Bosi nimemwonyesha jana. Alikaa dakika kumi, akafungua jedwali la mishahara, akasema ni haraka kuliko ya kwake, akaondoka nalo swali la bei.

Wewe ukianza, orodha yangu ya fayawoli nitakutumia, ila safu ya TCP na UDP uisome kwa sauti. Na kama mtatumia vile violezo vyenu vya zamani vya chuo, fungua kimoja kwanza utazame saa yake, kwa namba, siyo kwa mdomo.

Kesho naanza printa. Ile ndogo ya risiti, ya dirisha la malipo: deskitopu inaiona, inaipokea kazi, inasema tayari, karatasi haitoki. Kama umewahi kukutana nayo niandikie upesi, kabla sijafuta kitu.

Msalimie shemeji na wanangu.

Ni mimi,
Saidi.