Mwanangu, taja jina lako mlangoni

Tanga, 12 Machi 2025

Mwanangu Zuhura,

Assalaamu alaykum. Naandika baada ya tarawehe, nyumba yote imelala. Tumeingia kumi la kati la Ramadhani, na tarehe 26 utapanda ndege. Idd hutaila nasi. Kuna maneno nilipaswa kukuambia tangu siku ile ulipoingia sebuleni na barua ya ufadhili mkononi. Nilisema hongera moja tu, nikachukua kofia yangu nikatoka kwenda msikitini, na adhana ilikuwa bado. Uliniona. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu ni pasi, chanjo na nauli.

Unakwenda Fukuoka, Japani, mji nilioishi mimi nikiwa na umri wako, na hujawahi kunisikia nikisimulia nilivyoondoka hapa. Niliondoka vibaya, mama. Ilikuwa Oktoba 1997. Babu yako alitaka nibaki. Shamba la minazi la Tongoni lilikuwa limemwelemea, na mtoto wa kiume alikuwa na mimi peke yangu. Usiku wa mwisho tulijibizana maneno ambayo sitayaandika hapa. Alfajiri nikabeba begi, nikapita mbele ya mlango wake, nikamsikia akikohoa. Nilijua yu macho. Sikubisha. Nikaenda zangu stendi nikapanda basi la Dar es Salaam.

Na usidhani sikuwa nimeomba. Nilikuwa nimesali istikhara siku saba mfululizo. Viza ilipotoka na tiketi ikaja, nikajiambia njia imefunguka, jibu nimelipata. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia, kisha njia yenyewe nikaianza kwa kumpita mzazi wangu mlangoni.

Wakati ule Fukuoka haikuwa na msikiti. Ule wa Hakozaki utakaousali wewe, Masjid Al-Nour, ulifunguliwa 2009. Sisi Ijumaa tulisali katika chumba cha kuazima, wanafunzi kumi na kitu. Baridi ilipoanza nikawa silali vizuri. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mjane, ambaye aliniachia machungwa madogo mlangoni bila kusema neno. Mjukuu wake alikuwa anamaliza sekondari na angefanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu katikati ya Januari. Jumapili moja kabla ya mtihani bibi akanigongea. Kwa Kijapani changu cha kuokoteza nikaelewa kwamba wanakwenda kwenye hekalu la Dazaifu kuombea mtihani, na kwamba na mimi ni mwanafunzi, kwa hiyo niende.

Dazaifu si mbali. Unapanda treni Tenjin, unabadilisha Futsukaichi, vituo viwili zaidi umefika. Hilo jina la Tenjin, utakalolisikia kila siku katikati ya mji, ndilo jina la mwenyeji tuliyekuwa tunakwenda kwake. Alipokuwa hai aliitwa Sugawara no Michizane. Alizaliwa mwaka 845, akawa mwanachuoni na mshairi, elimu ikampandisha hadi akawa waziri mkubwa katika kasri la mfalme kule Kyoto. Wakubwa wa ukoo wa Fujiwara wakamsingizia fitina. Mwaka 901 akafukuzwa, akaletwa huku Dazaifu, mbali na nyumba na watu wake, na mwaka 903 akafa bila kurudi. Wanasimulia kwamba ng'ombe aliyevuta mkokoteni wa maiti yake alilala njiani akakataa kuendelea, basi wakamzika palepale, na hekalu likajengwa juu ya kaburi. Baadaye radi ilipopiga kasri na mabalaa kuandamana, watu wa Kyoto wakasema ni yeye, amedhulumiwa. Wakamjengea na huko, wakamheshimu kama kami, ndivyo Wajapani wanavyowaita wale wanaowaabudu katika dini yao ya asili, Shinto. Leo ndiye wanayemwendea watu wa masomo.

Lililonishika mimi ni habari ya mti. Michizane alikuwa na mti wa ume uani kwake Kyoto, jamii ya plamu, unaotoa maua kungali baridi. Siku ya kuondoka aliuaga kwa shairi: upepo wa mashariki ukivuma niletee harufu yako, na hata kama mwenyewe hayupo, usisahau majira ya kuchanua. Wanasema mti ule uliruka usiku mmoja ukamfuata. Upo hadi leo, upande wa kulia wa jengo kuu, na siku ile ulikuwa na matumba tu. Bibi alipomaliza kunisimulia, mjukuu akisaidia kwa Kiingereza cha shuleni, nikawaza kwamba mtu yule alifukuzwa, tena kwa dhuluma, na bado alipata nafasi ya kuuaga hata mti.

Sasa nikueleze walivyoingia, maana utakwenda.

Njia ya kutoka stesheni imejaa maduka, na yote yananukia umegae mochi, andazi la unga wa mchele lenye maharage mekundu matamu ndani, linachomwa katikati ya vyuma viwili na kupigwa chapa ya ua la ume. Hilo kula, nami nililila. Njiani yapo malango ya nguzo mbili na vizingiti juu, yanaitwa torii. Hayana milango, mtu yeyote angeweza kupita tu. Lakini bibi kabla ya kupita kila lango alisimama, akainama, ndipo akaingia, na alitembea pembeni kwa sababu katikati ni njia ya mwenye nyumba. Hakuna aliyenitafsiria hilo. Ilikuwa hodi. Mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga, haambiwi hodi ni nini.

Mbele kuna sanamu ya ng'ombe aliyelala, kichwa kinang'aa kwa kushikwa na wanafunzi wanaotaka akili. Kisha madaraja matatu mekundu juu ya bwawa lililochimbwa kwa umbo la herufi yao ya neno "moyo": la kwanza ni yaliyopita, la pili ni sasa, la tatu ni yajayo. Kwenye la kwanza usigeuke nyuma, bibi alisema, la pili usisimame, la tatu usijikwae. Mimi kwenye la kwanza niligeuka. Sikumwona mtu ila umati wa Wajapani na makoti yao, lakini niligeuka.

Baada ya madaraja unafika kwenye maji. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kisha maji kidogo kiganjani ya kusukutua. Nilitawadha kwa namna yangu, wao wakanawa kwa namna yao, na hakuna aliyemshangaa mwenzake.

Mbele ya jengo kuu, lililosimama tangu 1591, walitupa sarafu kwenye sanduku, wakainama mara mbili, wakapiga makofi mawili. Mimi nilisimama pembeni. Sikuinama wala kupiga makofi, kwa kuwa nina kibla changu, na wao hawakunitaka nifanye. Bibi alifumba macho akanong'ona muda mrefu, kisha akainama tena mara moja. Mjukuu akaenda kununua kibao cha mbao wanachokiita ema, akaandika jina la chuo anachokitaka, akakitundika kati ya mamia ya vibao vya wenzake. Nilimuuliza bibi alikuwa anasema nini muda wote ule. Nilidhani ameomba alama, ameomba kufaulu.

Akasema hapana, kwanza lazima ujitaje. Alikuwa amemtaja mjukuu wake, jina kamili, kisha mtaa na namba ya nyumba wanakokaa. Halafu akashukuru kwamba mtoto amefika umri huu ana afya. Halafu akaeleza mtihani ni siku gani. La kuomba lilikuja mwisho, na lilikuwa fupi. Akaniambia: atajuaje ni nani anayemwongoza, kama mtu hajasema ametoka wapi?

Zuhura, nilikaa kwenye benchi pale. Mjukuu alidhani ni baridi, akaniletea chai ya kopo. Miezi mitatu nilikuwa katika nchi ile na babu yako hakujua naishi mtaa gani, wala kama nilifika.

Jioni ile nikanunua kadi ya simu, nikaenda kwenye kibanda kilichokuwa na simu ya nje ya nchi. Japani wako mbele yetu saa sita, kwa hiyo huku ilikuwa baada ya adhuhuri. Nyumba yetu haikuwa na simu. Nilipiga duka la jirani, nikakata, nikampa mtoto wa dukani muda wa kwenda kumwita mzee, nikapiga tena. Babu yako alishika simu akanyamaza. Nikasema: "Shikamoo baba. Ni mimi." Nikamtajia mji, mtaa, namba ya chumba, kana kwamba ninaandikishwa. Nikamwambia nilikusikia ukikohoa.

Hakujibu lile la kikohozi. Alisema nisikilize, akaanza kunisomea Fatiha, taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akitusomea utotoni tukiumwa. Kwenye kioo cha simu zile unaona vipande vya kadi vinavyopungua, na vilikuwa vinashuka haraka. Alifika "ihdinas-siraatal-mustaqiim", tuongoze njia iliyonyooka. Akaendelea. Kadi ikaisha kabla hajafika Amin.

Tulizungumza mara nyingine nyingi baada ya hapo, na nilirudi nikamkuta hai, tukavuna nazi pamoja. Radhi zake ninazo. Lakini ile miezi mitatu hakuna aliyenirudishia.

Basi ukipata Jumapili ya kwanza yenye nafasi, nenda Dazaifu. Maua ya ume yatakuwa yamekwisha, utakuta majani machanga. Jengo kuu limo kwenye matengenezo makubwa tangu 2023, na mbele yake wamesimamisha jengo la muda, kazi ya msanifu Sou Fujimoto, lenye miti hai juu ya paa. Nimeliona kwenye picha, nikaufikiria ule mti ulioruka. Mlimani nyuma ya hekalu kuna makumbusho ya taifa ya Kyushu, ambayo wakati wangu hayakuwapo. Kuna vikaratasi vya kutabiri bahati. Hivyo viache, ramli si yetu, na bibi mwenyewe siku ile hakuvigusa.

Ndani ya bahasha hii kuna sarafu ya yeni tano, ya shaba, yenye tundu katikati. Bibi alinipa siku ile niitupe kwenye sanduku. Alisema kwa Kijapani yeni tano hutamkwa sawa na neno la uhusiano unaowaunganisha watu, go-en. Sikuitupa, na sikumwambia. Nimeitunza miaka 27 kama amana isiyofika. Sikuamrishi uifanyie nini. Una akili na una dini. Ukifika pale utajua kama inastahili kuachwa, au kupewa mzee yeyote unayemwona anapanda ngazi peke yake, au kubaki nawe.

Nami nijitaje, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilipoiona ile barua ya ufadhili sikukasirika. Niliogopa. Nilisikia kikohozi cha babu yako kikitoka kifuani mwangu, nikajua yeye alikuwa na nini usiku ule, na kama yeye, nikakosa la kusema. Uhandisi uliouchagua ni mzuri. Umeufanyia kazi tangu kidato cha tatu, ukisomea taa ya chemli umeme ukikatika. Kwenda kwako nimekuridhia, kwa moyo wangu wote, na radhi hii haina sharti la kurudi mwaka gani wala kuolewa na nani.

Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Mama yako atakuamsha kwa daku, utaiona. Isome kwanza, halafu ukisikia hodi, ni mimi. Nataka nikusomee Fatiha mpaka Amin.

Baba yako