Barua ya wazi kwa wanafunzi wa Kijapani: mkataba usomeni wenyewe

Wanangu mnaosoma Kijapani vyuoni, Dodoma, Nairobi na kwingineko,

Salaam nyingi. Ujana wangu wote nimekuwa mkalimani wa Wajapani na watu wetu, mbugani, kwenye miradi ya barabara na mezani kwa wafanyabiashara. Sasa nimestaafu, lakini simu zenu hazijastaafu. Karibu wote mnauliza jambo moja: "Mzee, nimepata nafasi ya mafunzo ya kazi Japani, niende?" Nimeona niwajibu kwa pamoja, maana swali ni zito na pesa zinazotajwa ni za wazazi wenu.

Kwanza nataka tuelewane kuhusu hayo mafunzo. Kuna mwanafunzi wa chuo anayekwenda kukaa na kampuni kwa wiki kadhaa au miezi kadhaa, chuo chake kinajua, kisha anarudi kumaliza shahada. Hiyo ni nafasi njema, ikimbilieni. Lakini kuna pia mpango wa Wajapani ulioanza mwaka 1993, nao unaitwa mafunzo ya ufundi, ambao kwa vitendo ni kazi ya shamba, ujenzi, kiwanda na kusindika samaki. Aliyeingia humo kwa kawaida hakuruhusiwa kuhama mwajiri kwa hiari yake. Wengi walifika wakiwa na deni la wakala mgongoni, na mwaka 2023 peke yake zaidi ya 9,000 walitoroka sehemu zao za kazi. Bunge la Japani lenyewe lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuuondoa mpango huo, na utaratibu mpya unatarajiwa kuanza 2027. Sisemi kazi ya mikono ni aibu, la hasha. Nasema mtu asiyejua ameingia mlango upi ataamka akiwa kwenye kiwanda cha samaki, na shahada yake ya lugha iko nyumbani kwenye begi.

Njia nyingine mnayouziwa ni ya shule ya lugha: nenda kama mwanafunzi, utafanya kazi, utajilipia. Pigeni hesabu wenyewe. Mwenye viza ya masomo akipata kibali anaruhusiwa saa 28 za kazi kwa wiki, isipokuwa likizo ndefu. Kima cha chini cha mshahara Tokyo kilipanda Oktoba 2024 na kufika yen 1,163 kwa saa, na mikoani kilikuwa chini ya hapo. Kwa wiki nne hiyo ilikuwa kama yen 130,000 kabla ya makato. Ada ya shule kwa mwaka inafika laki saba au nane za yen, bado chumba, chakula, bima na nauli ya treni. Atakayewaambia mtabaki na pesa za kutuma nyumbani anawaambia mvunje masharti ya viza, ila hatamki hivyo.

Na uvumi tuuogope. Agosti 2025, wakati wa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, kule Yokohama, JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, lilitaja miji minne ya Japani kuwa rafiki wa nchi nne za Afrika, na mji wa Nagai ukawekwa kuwa rafiki wa Tanzania. Siku chache tu habari ikageuka huku kwetu: Japani imetupa mji, viza zipo, twendeni. Serikali ya Japani ikakanusha kwamba kuna viza maalumu, wakazi wa miji ile wakapiga simu kwa hofu, na Septemba JICA wakaufuta mpango wenyewe. Urafiki wa kweli, wa mji wa Nagai uliokuwa mji mwenyeji wa Tanzania kwa Olimpiki ya Tokyo, ukaingizwa kwenye fujo isiyowahusu. Nyinyi mnaosoma Kijapani mngeweza kufungua tangazo la asili na kuwatuliza wenzenu kabla uvumi haujafika mbali.

Hapo ndipo ninapotaka mkae. Kijana wa kawaida anayekwenda kufanya kazi Japani anasaini karatasi asiyoweza kuisoma. Nyinyi mnaweza. Sheria ya kazi ya Japani inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi karatasi ya masharti, inaitwa rōdō jōken tsūchisho, na mgeni na mwenyeji ni sawa mbele yake. Iombeni kabla ya kukata tiketi. Kwanza angalieni mshahara: kuna gakumen, jumla inayopendeza, na kuna tedori, kinachofika mkononi baada ya bima, pensheni, kodi na pango la bweni. Kisha tafuteni neno kotei zangyō. Mkilikuta, ulizeni ni saa ngapi za ziada zimeshalipiwa ndani ya huo mshahara, maana jibu linaweza kuwa saa nyingi. Ulizeni pia ni nani anayelipa nauli ya kurudi. Na jueni kuwa mwaka wa pili, kuanzia Juni, inaingia kodi ya makazi inayokokotolewa kwa kipato cha mwaka uliopita, kwa hiyo mshahara utapungua bila mtu kuwa amewaibia. Kwa karatasi moja kaeni jioni nzima na kamusi. Ni mazoezi ya kusoma mazuri kuliko mengi ya darasani.

Wakala akidai pesa ya "kukuunganisha", muulizeni leseni. Kenya nendeni kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Pasipoti haikai mikononi mwa mtu mwingine, hata akiwa mjomba.

Milango iliyo wazi ipo. Ufadhili wa serikali ya Japani unaombwa kupitia ubalozi, na upo wa mwaka mmoja kwa wanaosomea lugha na utamaduni wa Kijapani. Ulizeni nafasi za kila mwaka bila kumlipa mtu. Mkishamaliza shahada na kufanya kazi kidogo, kuna ABE Initiative, mpango wa Japani kwa vijana wa Afrika uliotangazwa mwaka 2013, inayounganisha shahada ya uzamili na mafunzo kazini katika kampuni. Lakini nisiwadanganye: kampuni nyingi zinataka kiwango cha N2 katika mtihani wa Kijapani wa JLPT, ambao N5 ni ya chini kabisa na N1 ya juu kabisa, na N4 mnayojivunia itawafikisha dukani tu. Mtihani huo unafanyika Nairobi mwezi wa Desemba, jiandikisheni mapema. Na lugha ishikeni pamoja na fani, iwe uhasibu, kompyuta, forodha au utalii. Wanaoagiza magari yaliyotumika kupitia Mombasa na Dar es Salaam wanahitaji mtu anayesoma karatasi ya mnada wa gari, na mtu huyo akiwa anajua forodha pia, hakosi kazi hapa hapa.

Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaosomea Kiswahili. Waandikieni, badilishaneni saa moja kwa wiki, nusu kwa lugha yao na nusu kwa yetu. Siku kampuni itakapokutumia mkataba wenye mstari usioeleweka, umuulize huyo rafiki wa Osaka na mwalimu wako, wote wawili, na saini isubiri mpaka majibu yao yafanane.

Mzee wenu,
Mkalimani mstaafu, Arusha