Muda wa ndege Mwanza–Bukoba uandikwe kama ulivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapotosha wasafiri wa Kanda ya Ziwa, nalo ni umbali na muda wa kuruka baina ya viwanja vya ndege vya Mwanza na Bukoba, kama unavyoandikwa katika majedwali ya mtandaoni na kunakiliwa bila kuhakikiwa katika kurasa za safari za magazeti.

Viwanja hivyo vimetengana kwa takriban kilomita 175, ukipima mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria. Anayeigawanya tarakimu hiyo kwa mwendo wa ndege za pangaboi, ambao angani huzidi kilomita 500 kwa saa, anapata dakika kama 20, na hizo ndizo anazowatangazia abiria. Lakini ndege hutoka kwanza maegeshoni, ikatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kisha ikapanda. Na katika safari fupi namna hii haikai sana katika mwendo wake wa juu kabla rubani hajaanza kuishusha na kuielekeza upande wa kutua kulingana na upepo. Ndiyo sababu safari hiyo hiyo huchukua kama dakika 45. Wapo pia wanaochanganya maili: ile ya marubani ni mita 1,852, ya barabarani ni mita 1,609, na kwa umbali huu kosa hilo peke yake hupoteza zaidi ya kilomita 20.

Kiwanja cha Bukoba kiko ufukweni kabisa mwa ziwa, na hali ya hewa hubadilika upesi. Tangu Novemba 6, 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua hapo katika hali mbaya ya hewa na watu 19 wakapoteza maisha, sisi wakazi tunaelewa vyema kwa nini rubani huzunguka angani kusubiri mvua ipite, au huamua kugeuza. Dakika hizo ni sehemu halali ya safari, na abiria anastahili kuambiwa mapema kwamba zinaweza kuwapo.

Wanaoumizwa zaidi na hesabu hizi ni wagonjwa wa Kagera wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando. Mgonjwa aliyesoma kwamba ni dakika 20 hupanga kuruka asubuhi na kuingia kliniki saa moja baadaye, akasahau muda wa kukabidhi mizigo na kusubiri, pamoja na takriban kilomita 10 za kutoka kiwanjani hadi katikati ya jiji la Mwanza. Hata hivyo, kwa mtu mwenye kidonda cha upasuaji ndege inabaki kuwa nafuu kubwa, kwa kuwa barabara inayolizunguka ziwa kupitia Muleba, Biharamulo na Geita ni zaidi ya kilomita 400, ingawa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko.

Ninaomba, kwa heshima, dawati lako la habari za safari litumie muda wa ratiba, unaohesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena, na liuchapishe pamoja na kilomita za angani na za barabarani, kila moja ikitajwa kwa jina lake.

Msomaji wako,
Bukoba, Kagera