Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: mgonjwa wa kiharusi anarudi mlimani

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

Kwa umri huenda wewe ndiye ungeniamkia, ila kwa cheo natangulia mimi: heshima yako, Daktari. Naandika hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si la familia moja. Naomba huduma ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, itoke kwenye hospitali kubwa, ifike kwenye vituo vya afya na ipande hadi mitaa ya milimani, kwa siku zinazojulikana na kubandikwa ukutani kama zinavyobandikwa siku za kliniki ya watoto. Ombi langu ndilo hilo. Mengine yote humu ni sababu zake.

Unaujua mji huu. Wageni huyapiga picha mawe yetu wakiwa barabarani. Sisi huyapanda na ndoo ya maji kichwani. Mabatini, Igogo, Bugarika, na nyumba nyingi za juu ya Kirumba hazifikiwi na gari. Kuna njia za miguu, na ngazi ambazo wakazi wamejipangia wenyewe kwa mawe na saruji iliyobaki ya ujenzi, kila ngazi na kimo chake. Mtu mzima mwenye miguu yake miwili huhema akifika. Sasa mpe mtu huyo mguu mmoja usiomtii.

Mdogo wangu alikuwa akifanya biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Presha alikuwa nayo, dawa akinywa akikumbuka. Kiharusi kikamkamata upande wa kulia, maana mshipa ulioziba ulikuwa upande wa kushoto wa ubongo, na ndiyo sababu hata maneno yalimpotea kwa muda. Hospitali aliyolazwa iliokoa uhai wake, na kwa hilo nitashukuru hadi kaburini. Lakini siku ya kuruhusiwa tulikabidhiwa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, tukaambiwa "afanye mazoezi". Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, ashikwe wapi na nani, hakuna aliyetueleza. Hakuna aliyeuliza anaishi wapi. Alitoka wodini akitembea koridoni, sakafu laini, mkono mmoja ukutani, na kwenye faili nadhani iliandikwa kwamba anatembea. Tulipofika chini ya mlima, vijana wanne wakambeba kwenye kiti cha plastiki. Baada ya hapo hakushuka kwa wiki nyingi.

Wewe ni daktari, haya unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika kwa ajili ya wanaosoma wakiwa na mgonjwa ndani. Seli za ubongo zilizokufa kwa kukosa damu hazifufuki. Kinachotokea ni sehemu nyingine za ubongo kujifunza kazi ile, na hujifunza kwa kitendo kurudiwa mara nyingi mno, tena kitendo chenyewe: anayetaka kusimama arudie kusimama, anayetaka kupanda ngazi apande ngazi. Nafuu kubwa huja ndani ya miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo kasi hupungua, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu hata mwaka ukishapita. Mwongozo wa kiharusi wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2023 unapendekeza angalau saa 3 za tiba ya utengamao, ile ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, kwa siku, siku 5 kwa wiki. Sidai saa 3, Daktari, sijachanganyikiwa. Nadai miezi ile 3 isiteketee mgonjwa akiwa amekalishwa mkekani anasubiri tarehe ya kliniki.

Na pale hospitali inaponyamaza, jirani huongea. Mgonjwa ataambiwa amerogwa. Ataletewa mtu wa kumchua, atachemshiwa majani akandwe. Sina ugomvi na kuchua kama kunampa mtu faraja, ila mguu unaochuliwa mwenyewe akiwa amelala haujafanya kazi yoyote, na ngozi isiyohisi vizuri haimwambii mtu kwamba maji yana moto. Nimeona malengelenge. Nimeona pia mkono uliolegea ukivutwa na ndugu wenye nia njema kabisa, wanamwinua mgonjwa kitandani, hadi bega likaanza kumuuma kuliko kitu kingine chochote. Hakuna aliyekuwa mkorofi hapo. Hawakufundishwa tu.

Aliyetufundisha alikuwa kijana mmoja mtaalamu wa fiziotherapia, alikuja nyumbani kwa muda wake mwenyewe, tukampa nauli na soda. Jina lake silitaji, asije akaulizwa kwa nini alikwenda. Kabla hajamgusa mgonjwa, aliizunguka nyumba. Alikalia kitanda akasema kiko chini mno, tukiinue kwa matofali, kwa sababu mtu wa mguu dhaifu anainuka kwa urahisi zaidi kutoka juu. Kigoda akakiondoa kabisa. Akauliza choo. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na hapo nikaona aibu kwamba sote tulikuwa tunazungumzia kutembea wakati kuchuchumaa ndiko kulikomtesa mgonjwa kila asubuhi. Fundi seremala alitoboa kiti cha mbao siku hiyohiyo.

Kisha akatazama miguuni. Mdogo wangu alikuwa amevaa kandambili, kama tunavyovaa sote. Mguu wa kulia ulikuwa hauwezi kuinua vidole, kwa hiyo kila hatua kandambili ilichomoka au ncha yake ilikwama kwenye jiwe, naye akawa anaupitisha mguu kwa pembeni, kwa kuuzungusha toka nyongani. Kijana akaagiza raba iliyofunga kisigino. Akakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akakifunga toka kwenye kamba za raba hadi chini ya goti, kikavuta ncha ya mguu juu. Akatuonya kisikaze mno, na tukague ngozi kila jioni. Alisema hiyo ni ya kuvusha siku tu, kifaa chenyewe ni cha plastiki, kinashika kifundo na unyayo, na hutengenezwa na mafundi wanaosomea kazi hiyo, kama wale wa chuo cha TATCOT kule Moshi. Lakini kwa mpira ule mgonjwa alivuka kizingiti bila kujikwaa, mbele yetu.

Ngazi alizifundisha mwisho. Ukipanda, tanguliza mguu mzima; ukishuka, tanguliza mguu mgonjwa. Msaidizi akae upande dhaifu, nyuma yake wakati wa kupanda, ngazi moja mbele yake wakati wa kushuka, amshike mkanda wa suruali, si mkono. Mke wa mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye kazi yote hii, aliyarudia yale maneno kwa sauti mpaka watoto wakayakariri. Somo zima halikufika hata saa mbili. Halikuhitaji umeme wala mashine.

Sasa nikueleze kinachompata asiye na kijana wa namna ile. Bajaji haipandi, kwa hiyo mgonjwa hubebwa hadi barabarani. Kwenda na kurudi kwa bajaji ya kukodi hula pesa ya chakula cha siku kadhaa, basi wengi hupakiwa mshikaki kwenye bodaboda: dereva mbele, ndugu nyuma, mgonjwa katikati, mguu usio na hisia ukining'inia karibu na ekzosi. Akifika, anapata muda mfupi kwenye foleni ndefu, kisha safari ya kurudi inambakisha kitandani siku mbili. Baada ya safari za namna hiyo familia huacha. Huko wodini ataonekana mtoro wa kliniki.

Huyo ni wa mjini. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukara huvuka kwanza kwenda Ukerewe, akapanda gari hadi Nansio, ndipo akutane na meli ya kuja Mwanza. Wa Sengerema na Buchosa angalau sasa wana daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, tangu Juni 2025, hawalali tena kwenye foleni ya kivuko. Lakini daraja linamleta mgonjwa kwa mtaalamu. Mimi naomba mtaalamu alivuke kwa upande wa pili, angalau mara moja kila wiki mbili.

Najua utasema wataalamu ni wachache. Ni kweli, na ndiyo maana siombi kila kituo cha afya kiajiri wake kesho. Naomba wale waliopo wapangiwe zamu za nje, kwa barua na posho yao halali, siku ile ile kila mara. Kituo kiwaandalie chumba kimoja chenye kiti kigumu, kioo, ngazi tatu za mbao na mabomba mawili ya kushikia ambayo fundi yeyote wa kuchomelea pale Mabatini atayaunga kwa siku moja. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wanaweza kufundishwa mambo machache: je, dawa za presha zinanywewa, viatu vikoje, mgonjwa ameanguka mara ngapi, anainuliwaje. Wasifanywe mbadala wa mtaalamu, maana hapo tutakuwa tumeharibu. Wawe macho yake kati ya zamu na zamu.

Na kabla ya yote hayo, hili halina gharama: mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kurudi nyumbani mpaka ndugu mmoja amemwinua, amemgeuza na amempandisha ngazi mbele ya mtaalamu. Aulizwe anaishi wapi. Kama ni mlimani, iandikwe.

Mkitaka kupima kama mpango unafanya kazi, msituhesabie semina. Chukueni futikamba ya fundi ujenzi na simu yenye saa. Mita 10 sakafuni, mgonjwa atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Anayezidi sekunde 25 kwa kawaida hubaki mtu wa ndani ya nyumba. Anayemaliza kwa sekunde 12 hivi anaweza kutoka, akaenda sokoni na kurudi. Muandike namba hiyo siku ya kuruhusiwa, muiandike tena baada ya miezi 3, kituo kwa kituo, na mtajua wapi watu wanasimama na wapi wanaozea ndani. Kipimo cha mlima mtatafuta chenu. Mimi ningehesabu ngazi.

Mdogo wangu sasa anashuka mwenyewe, mkewe akiwa upande wake. Kurudi mwaloni bado, mbao za pale zina unyevu na magunia yanapitishwa kwa kasi, lakini anapiga hesabu za dagaa kwa simu na wateja wamemvumilia. Majirani wawili wa mtaa huohuo waliopata kiharusi baada yake hawajafika chini. Mmoja ni mama wa watoto wadogo.

Ukipenda kuona mwenyewe, Jumamosi yoyote nipo. Gari litaishia barabara ya Nyerere; pale utapokelewa na kijana atakayekuonyesha njia. Uje na mtaalamu wako mmoja wa fiziotherapia na yule anayepanga bajeti, tuwapitie hao majirani wawili kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mabatini, Mwanza